Namba Mguuni mwa Membe

Mimi picha nilijifunzia ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba ndiko nilikopatia riziki. Baba yangu alikuwa na studio ndogo Malindi mjini, nyuma ya soko, na yeye alipiga picha za wanaume: za pasipoti, za vitambulisho, za vijana waliosimama mbele ya pazia lililochorwa milima ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Lakini harusi za kwetu zina upande wa wanawake, na upande huo mwanamume haingii na kamera. Bibi harusi akishapambwa, buibui liko kando, nywele wazi, mikono imejaa hina na piko, atakayempiga picha sharti awe mwanamke, na atakayeisafisha filamu sharti awe mwanamke, na picha zikabidhiwe mama mtu mkononi zikiwa ndani ya bahasha. Baba hakuwa na mwengine wa kumfundisha, akanifundisha mimi.

Ndani ya zile nyumba za mtaa wa Shella, hapo hapo Malindi, mwanga ni wa shida. Madirisha madogo, mapazia mazito, na taa moja ya stima darini inayomfanya kila mtu aonekane ametoka hospitali. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kamera yangu ilikwenda na flashi, ile taa ya kamera, kubwa, yenye mpini wake na betri nzito zinazovuta mkoba chini. Bila flashi nilikuwa sijui hili wala lile. Na kitu walichonidai watu zaidi kuliko vyote ni dhahabu. Mama wa bibi harusi hatizami uso wa mwanawe kwanza. Anatizama mikufu, bangili, vipuli. Dhahabu isipowaka kwenye picha utasemwa mtaa mzima kwamba umeigeuza dhahabu ya watu kuwa shaba. Nikajifunza kuinua flashi hivi, kuilaza vile, mpaka kila bangili itoe nyota yake. Nilikuwa hodari, sifichi. Watu walisema picha zangu zinang'aa, nami nikavimba kichwa.

Nayaeleza haya yote mapema ili nikifika kwa yule ndege msije mkaniuliza akili zangu zilikuwa wapi. Zilikuwa hapo kwenye bangili.

Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa kibarua wa chumvi huko Marereni. Mama alitutoka yeye akiwa bado ananyonya, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, basi mgongo uliombeba ulikuwa wangu. Aliniita dada lakini aliniogopa kama mama. Kazi ya chumvi wengi hawaijui. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina, jua likayanywa, chumvi ikabaki chini, na watu wakaingia na reki za mbao kuivuta mpaka iwe vilima. Miguu inashinda ndani ya maji makali kuliko ya bahari yenyewe. Wengine walikuwa na viatu vya mpira, lakini vikitoboka chumvi inaingia na haitoki, ni afadhali kwenda miguu mitupu. Kila mtu kule alikuwa na nyufa. Za wenzake zilifunga mvua zikija. Ule wa kwake, kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, ulikataa kufunga, ukawa kidonda.

Nilimpeleka hospitali kwa kumburuta. Daktari akampima, akamkuta ana sukari. Akamwambia mbele yangu bila kuzunguka, "Kijana, toka kwenye chumvi. Kidonda hiki kikiendelea kuloa, mguu huu tutaukata." Tukarudi nyumbani, kila mtu na lake. Atoke aende wapi? Alikuwa na mke na watoto wawili, shule aliiachia darasa la tano, na kazi nyengine ya mshahara hapakuwa. Wiki ile ile akarudi Marereni. Nilimfokea mpaka koo likanikauka. Akanisikiliza, akamaliza chai yake, akaenda.

Yule bwana wa ndege alikuja studio msimu wa kaskazi, katikati ya miaka ya themanini, kununua filamu. Alikuwa mtu wa bara, msomi kutoka Nairobi, mrefu, mpole, darubini inaning'inia shingoni mchana kutwa hata akienda kununua mkate. Kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege wa pwani, kwenye mdomo wa mto Sabaki na huko kwenye mabwawa ya chumvi. Siku hiyo ndugu yangu alikuwa amekaa pale studio, mguu juu ya kigoda, akiningoja nimbadilishie kitambaa. Kusikia habari za ndege akaingilia maneno ya watu, jambo ambalo si tabia yake.

"Kuna membe mmoja kwetu kazini ana pete mguuni," akasema. "Huu mwaka wa tatu namuona."

Membe ni wale ndege wakubwa weupe wenye mabawa ya giza, walafi, wanaogombania matumbo ya samaki ufukweni. Sisi hatukuwahi kuwaweka katika hesabu ya ndege wa maana. Yule bwana akavuta kiti.

"Hiyo ndege iko na pete? Ya plastiki ama ya chuma?"

"Ya chuma. Ina maandishi."

"Umeyasoma?"

"Hatulii, bwana. Nimepata herufi moja na saba mbili. Zilizobaki anazunguka nazo."

Yule bwana akatueleza. Ndege wale huzaliwa mbali sana kaskazini, kwenye nchi za barafu, na kuna watu huko huwavisha pete wakiwa makinda. Ukiipata namba yote ukawaandikia, watakwambia ndege wako alizaliwa wapi na lini. Kwake yeye namba moja kama ile ilikuwa jambo kubwa. Kisha akaanza kumuuliza ndugu yangu: anafika lini, anaondoka lini, anakuja peke yake? Ndugu yangu akajibu yote. Anafika mvua za vuli zikikatika. Anaondoka upepo ukianza kugeuka. Anapigana na wenzake lakini wale wadogo anawaachia chakula. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa na dawa, mdomo wazi. Miaka yote nilidhani kule anaangalia chumvi tu.

Yule bwana akautizama ule mguu, akamtizama mwenye mguu. Akasema anatafuta mtu wa kukaa hapa mwaka mzima, awe anatembea mchangani kwenye mdomo wa mto, kuhesabu ndege na kuandika kwenye daftari. Mshahara upo. Lakini wakubwa wake wangeuliza kwa nini achukuliwe mtu asiye na cheti. "Niletee namba ya huyo membe kwa picha, yote ionekane," akasema. "Nikifika nayo Nairobi, hakuna mtu ataniuliza mambo ya cheti. Lakini mimi naenda mwisho wa mwezi."

Mchanga mkavu. Viatu. Mshahara. Nilikiona kidonda cha ndugu yangu kikifunga pale pale juu ya kigoda.

"Picha niachieni mimi," nikasema. Mdomo wangu huo.

Safari ya kwanza nilikwenda na lori la chumvi, lililopanda tupu asubuhi na kurudi Malindi limejaa saa nane mchana. Nilikaa mbele na dereva, kamera mapajani, na lenzi ndefu ambayo yule bwana aliniazima imefungwa kwenye leso. Sijawahi kuona weupe kama ule. Chumvi kushoto, chumvi kulia, na jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Kivuli kilikuwa kimoja tu, paa la mabati juu ya nguzo nne, ambapo palikuwa na mashine ya pampu ya kuvutia maji. Vibarua walikula chakula chao hapo, na membe naye alikula hapo, akiokota mifupa ya samaki waliyomtupia. Hatua nne tu kutoka miguuni mwao. Wakaniona nachutama na buibui langu, na lenzi ndefu kama mchi, wakacheka.

"Mama, bwana harusi ndiye huyo?" mmoja akauliza.

"Ndiye," nikasema. "Na ana adabu ya kula kuliko nyinyi."

Siku ile sikutumia flashi. Nilijiambia, mchana kweupe namna hii, taa ya nini? Nikapiga nusu ya filamu. Kwenye chumba cha giza kule studio, picha ikaanza kutokea ndani ya maji ya dawa, na nilichokiona ni kipande cha mkaa chenye mdomo. Kamera ilikuwa imeona weupe wa chumvi nyuma ya ndege ikajifunga, na ndege, ambaye yuko kivulini, akabaki giza. Miguu hata haikuonekana.

Nikampelekea yule bwana. Hakushangaa. "Kuna njia mbili, mama," akasema. "Unaweza fungua lenzi zaidi, uache huko nyuma kuungue na mwanga, ndege itatokea. Ama ujazie na flashi, lakini kidogo, kidogo kabisa. Mimi huwa nangoja jua likae vizuri. Flashi inaonyesha kile inataka yenyewe." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia. Moyoni nilisema huyu bwana ndege anawajua, flashi anifundishe nani? Nilichokisikia katika maneno yake yote ni lile neno flashi.

Safari ya pili iliangukia siku ya harusi. Ilikuwa nyumba kubwa ya Shella, watu wenye asili ya visiwani huko kaskazini, na mama mtu alikuwa ameshanitumia salamu mara tatu kunikumbusha. Magharibi inikute pale. Lori lilikuwa likiondoka Marereni saa nane kama kawaida. Nilikuwa na filamu moja, na hesabu zangu zilikuwa sawa kabisa.

Ndugu yangu alinipokea anachechemea. Hakuningoja hata nikanyage chini.

"Dada, leo usipige sasa. Ngoja mpaka saa kumi. Pampu ikizimwa anakuja kusimama kwenye ukingo wa mfereji, anangoja visamaki vilivyobaki, anatulia. Na jua linaingia chini ya paa kwa ubavu. Hapo ndipo ninapoyaona yale maandishi. Mchana huu siyaoni hata nikikodoa."

"Na mimi nirudi mjini na nini? Nimpande membe?"

Akacheka kidogo. "Lala kwetu. Wifi yako atafurahi."

"Nina harusi."

"Basi njoo kesho ulale."

"Kesho harusi, kesho kutwa harusi. Wewe umesomea picha wapi? Mimi nimepiga mabibi harusi kwenye vyumba vyenye giza kuliko hiki kivuli chenu, na hakuna bangili iliyonipotea. Kaa pale, mtupie samaki."

Nayakumbuka maneno haya yote kwa mpango wake, neno baada ya neno. Ndugu yangu hakuwa mtu wa kujibizana nami. Nilimlea hivyo mwenyewe, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Akaenda akakaa kwenye kipande cha mbao, mguu mbaya ameunyosha mbele, akaanza kumega samaki.

Membe akaja. Flashi ya kwanza ilimshtua akaruka hatua mbili, kisha ulafi ukamrudisha. Baada ya hapo hakujali tena. Nikamzunguka. Alipogeuka nami niligeuka, flashi nimeinyanyua kwa mkono wa kushoto, naishusha, nailaza, mpaka nikaona kwa macho yangu ile pete ikitoa cheche kila nikibonyeza. Nilifurahi. Nilijua cheche ile. Nikaitafuta tena na tena mpaka filamu ikaisha, kisha nikamwambia ndugu yangu, "Haya, kanunue viatu." Lori likapiga honi.

Nilisafisha ile filamu asubuhi ya pili yake. Nilipoitundika ikauke nilisema alhamdulillah. Ndege alikuwa ametoka, mzima. Baba alikuja akasimama nyuma yangu, miwani juu ya paji la uso. Picha ya kwanza tuliyoichapa ilimwonyesha membe na nukta ya mwanga ndani ya jicho, manyoya ya kifuani unaweza kuyahesabu, hata doa jekundu kwenye mdomo wake wa chini, ambalo kwenye karatasi ya weusi na weupe lilitokea kijivu, lilikuwa pale. Nyuma yake chumvi imetulia. "Hii ndiyo picha," baba akasema, na baba hakuwa mtu wa kunisifu ovyo. Nikaipandisha mashine ya kukuzia, nikaielekeza miguuni mwa ndege.

Pale penye pete palikuwa na nyota. Nyota nzuri, yenye miale, na katikati weupe mtupu.

Nikachukua picha ya pili. Nyota. Ya tatu, nyota. Nikaenda nazo moja moja mpaka mwisho wa filamu, kisha nikarudi mwanzo, nikaanza upya. Katika picha zote thelathini na sita hapakuwa na hata moja ambayo chuma kile kilikuwa kimetulia kikaonyesha kilichoandikwa juu yake, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Kila mara ndege alipogeuka, mimi niliifuata ile cheche.

Yule asiyejua kazi hii atasema basi, ichape picha iwe nyeusi zaidi, maandishi yatatokea. Nami nilijiambia hivyo hivyo. Nilikaa ndani ya kile chumba siku mbili, mlango umefungwa, taa nyekundu, nikiongeza muda. Nikaichoma pete peke yake kwa mwanga wa mashine, mkono umezuia sehemu nyengine, sekunde ishirini, dakika, dakika mbili. Mwanga ukapenya kando ya vidole, ndege akawa mweusi, chumvi ikawa nyeusi, na pete ikatoka kwenye weupe ikaingia kijivu. Kijivu kitupu, laini. Hakuna herufi, hakuna saba. Karatasi zikajaa sakafuni. Mwanga ukizidi kwenye filamu hufuta, na kilichofutwa hakiko, hakijajificha mahali. Nililijua hilo tangu utotoni. Nikaendelea tu, maana nikiacha itabidi nikamwambie.

Baba ndiye aliyenigongea. "Toka, mwanangu," akasema. "Hapana kitu pale." Nikatoka, nikakaa kwenye kile kigoda, nikashika tama. Watu walikuja kuchukua picha zao za pasipoti wakanipa salamu, nikawanyooshea bahasha zao tu. Ile harusi ya Shella nayo picha zake zilikuwa tayari, na dhahabu yote ilikuwa inawaka, na mama mtu alinishika mikono yote miwili kwa furaha. Nilitaka kumpiga, mwanamke wa watu.

Siku ya nne nikapanda lori tena, safari hii na nguo za kulalia. Flashi niliiacha nyumbani. Sikumweleza ndugu yangu chochote. Alinitizama usoni akajua. "Tutampiga leo," akasema. "Saa kumi."

Mchana vibarua walikula, wakatupa mifupa, wakaja membe wengine wawili watatu. Yule wa pete hakuja. Saa kumi pampu ikazimwa. Jua likaingia chini ya paa kwa ubavu, vile vile alivyoniambia, likalala juu ya ukingo wa mfereji, na kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye mashine ya pampu, kilichochakaa kwa kutu, nikaweza kusoma kila herufi kutoka pale nilipochutama. Kwenye ukingo hapakuwa na ndege. Nikalala. Kesho yake tukakaa tena. Nikalala tena. Siku ya tatu ndugu yangu aliinua kidole chake juu kidogo, kama mtu anayepima kitu, akasema upepo umeshageuka, dada. Nikamwambia tungoje. Tukangoja mpaka jua likazama, mimi na kamera, yeye na samaki mkononi. Hakunikumbusha neno hata moja katika yale niliyomjibu siku ile. Angenikumbusha ingekuwa nafuu.

Yule bwana wa ndege alipita studio siku ya kuondoka, gari lake limejaa masanduku. Nikampa zile picha. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaziinamia moja moja, kwa heshima, hakuruka hata moja. Ndugu yangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa amevaa shati la Idi.

"Picha ni nzuri sana," yule bwana akasema. "Namba ndiyo haiko." Akaweka kioo mfukoni. "Hii ilipigwa saa ngapi?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa nataka kusema. Ndugu yangu akanitangulia.

"Mchana, bwana. Mimi ndiye niliyemwambia apige mchana. Dada alitaka kungoja."

Na mimi nikanyamaza. Nimetafuta maneno mengi miaka hii ya kulielezea lile la kunyamaza, na sijapata. Baba alikuwepo, wateja wawili walikuwepo, jina langu la kazi lilisimama juu ya picha zote zile zinazong'aa. Nikakunja kitambaa kilichokuwa mkononi, nikakikunja tena. Yule bwana akampa ndugu yangu mkono, akasema pole sana, kijana, na akasema kaskazi ijayo akirudi ndege, wajaribu tena. Hakuwa mtu mbaya. Mwezi uliofuata tulisikia amechukuliwa kijana mwenye cheti, kutoka bara, na tulikuwa tukimwona pale mdomo wa mto akitembea mchangani na daftari lake na viatu.

Kaskazi ikaja. Ndugu yangu alikuwa akiacha kipande cha samaki kila mchana, hata siku ambazo wenzake walikuwa wakila ugali na mchicha tu. Membe wakaja wengi, miguu mitupu wote. Yule hakurudi mwaka ule, wala mwaka wa pili. Labda alikufa njiani, labda alipata mahali penye matumbo mengi zaidi. Sikuwa na wa kumuuliza.

Kidonda kilipanda kutoka kisiginoni kikazunguka kifundo cha mguu. Nilimpaka kila dawa, ya hospitali na ya kienyeji. Nilimfungia asali. Nilimfungia kamba ya dua iliyosomwa na mtu wa kuaminika. Nilimwambia aache kazi nitamlisha mimi, yeye na mkewe na wanawe, akaniuliza kwa upole, kwa picha gani, dada? Vidole viwili vikawa vyeusi. Daktari hakuwa yule wa kwanza, lakini aliyasema yale yale, na safari hii hakusema 'kikiendelea'.

Ofisi ya kazini kwake ikataka barua ya daktari, na pamoja na barua wakataka picha ya mguu wenyewe, ionekane wazi, iwekwe kwenye faili kabla ya kukatwa. Karani alimwambia akaipige popote. Akaja kwangu.

Nilimkalisha studio penye mlango wa nyuma, unaofunguka uani. Nikamfungua kitambaa mwenyewe. Ilikuwa mchana, jua liko juu, ua wote umewaka. Flashi ilikuwa mezani na betri mpya ndani. Nikakaa chini mbele yake sakafuni, kamera imelala mapajani.

"Hupigi?" akauliza.

"Nangoja."

Akaegemeza kichwa ukutani. Tukazungumza habari za watoto wake, nani amefaulu hesabu, nani amekataa kwenda chuo cha Kurani. Mwanga uliingia mlangoni polepole, ukatambaa sakafuni, ukafika kwenye vidole, ukapanda kwa ubavu. Nilifungua lenzi zaidi, nikaacha ua ule nyuma uungue. Nikapiga mara moja tu.

Ilipokauka nikampa. Sijapata kupiga picha iliyotoka vizuri kuliko ile, kabla yake wala baadaye. Kila ufa ulikuwa pale. Ngozi ilipokufa, ilipokuwa bado inapigana, nyuzi za kile kitambaa zilizonasa kwenye unyevu, vyote unaweza kuvifuata kwa kidole. Aliishika karibu na uso wake, akaitizama muda mrefu.

"Hii inasomeka, dada," akasema.

Nikaichukua, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina lake juu.